Kayamba, Njuga na Manyanga: Historia ya Vyombo vya Mkononi vya Kwaya Yetu

Habari za nyimbo zetu na za walimu wetu wa kwaya zina kurasa zake katika kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya vyombo vidogo, vile visivyohitaji umeme wala stendi: kayamba, njuga, manyanga, matari, maraka na vizibo vya soda vilivyofungwa kwenye waya. Kamati ya Jubilei ilidhani nusu ukurasa ungetosha. Lakini tulipolitoa kabati la kwaya pale nyuma ya sakristia na kuanza kuhesabu, tulikuta kila chombo kina mtu aliyekileta na, mara nyingi, ubishi uliotangulia kabla hakijapokelewa. Vitabu vya kumbukumbu za mikutano vinautaja ubishi huo kwa maneno machache ya adabu. Wazee wetu wameusimulia vizuri zaidi.

Wengi wetu tuliozaliwa humu mitaani tumekua tukidhani kayamba iliingia kanisani siku moja na Injili. Ukweli ni kwamba kwa miaka sitini hivi sheria ya Kanisa haikuitaka. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia msimamizi wa waimbaji, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake alikataza kanisani vyombo vya kelele na vya mzaha, akataja ngoma, matoazi, kengele na vya namna hiyo. Piano nayo alikuwa ameipiga marufuku katika sentensi hiyo hiyo. Tunaikumbusha habari hiyo kwa wale ndugu zetu ambao kila mwaka husema kinanda ndicho chombo cha Kanisa na kayamba ni ya mtaani.

Mlango ulianza kufunguka kabla ya Mtaguso. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya kazi Kamina kule Katanga, alilipeleka kundi lake la vijana Ulaya, na Missa Luba ikasikika: Kilatini cha Misa, sauti za Kongo, na mdundo wa Kiafrika chini yake. Hapa kwetu Kenya Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya mwaka 1990, na wapo kati yetu walioijua Misa hiyo kwa kaseti hiyo tu. Huko Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alichambua jambo lenyewe kisheria katika kitabu chake Church Law and Bantu Music kilichotoka mwaka 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium. Hati hiyo inasema kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, lakini vyombo vingine vinaweza kupokelewa kwa idhini ya wenye mamlaka mahali husika, ikiwa vinafaa au vinaweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu, vinalingana na heshima ya hekalu na vinawajenga waamini. Mwaka uliofuata, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utungo wa Joseph Kyagambiddwa juu yao uliimbwa Roma kwenyewe.

Basi kwaya yetu ilipoanza, miaka hamsini iliyopita, ruhusa ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni vyombo, na pesa za kuvinunulia.

Kumbukeni Eastlands ya wakati ule. Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo ilikuwa mitaa ya zamani yenye makanisa yaliyozoeleka. Buruburu ilikuwa inajengwa kwa awamu. Dandora ilikuwa mpango wa viwanja na huduma, viwanja takriban 6,000, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975: unapewa kiwanja, choo na bafu, vyumba unajijengea mwenyewe. Waliohamia mitaa hii walitoka kila upande wa nchi, na Jumapili walikutana kwenye madawati yale yale. Waimbaji wetu wa kwanza walipiga makofi. Hiyo ndiyo ala ya kwanza katika kumbukumbu zetu, na wazee wanasema makofi yale yalikuwa na nidhamu kuliko kayamba nyingi za leo.

Halafu kila mtu akaanza kuleta cha kwao. Waliotoka Nyanza walileta gara, vile vyuma vinavyofungwa mguuni ambavyo mpiga nyatiti huvichezesha huku akipiga nyuzi. Waliotoka Magharibi hawakuridhika bila isukuti, ngoma ambazo UNESCO iliziingiza pamoja na mchezo wake katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Waliotoka Kati walikuwa na kigamba cha mguuni na njingiri, na mzee mmoja alileta kibuyu kilichochorwa alama, akasema ni gicandi, kile ambacho watani wa mafumbo ya Kikuyu walikuwa wakikitikisa sokoni wakishindana kwa mashairi. Kibuyu hicho hakikupigwa hata Jumapili moja. Wengine walisema si cha kanisani, naye akasema kama hakifai basi na tari ya Miriamu haifai. Alikirudisha nyumbani.

Tukisoma kumbukumbu za miaka ile kati ya mistari, tunaona neno "chombo" lilibeba mzigo mzito kuliko mti na chuma. Kuchagua gara kwa ajili ya maandamano ya matoleo kulikuwa kuchagua kijiji cha nani kisikike altareni Jumapili hiyo. Mwalimu wetu wa kwanza alijaribu zamu: Jumapili hii hiki, ijayo kile. Zamu zilileta hesabu, na hesabu ikaleta manung'uniko.

Kayamba ndiyo iliyotupatanisha, na sababu yake inachekesha kidogo: haikuwa ya mtu. Katika kwaya nzima hapakuwa na Mgiriama wala Mdigo wala Mduruma hata mmoja. Chombo chenyewe ni cha Wamijikenda wa Pwani. Fundi hupanga vijiti vyembamba vya matete kando kwa kando, akavifunga kwa uzi juu ya fremu ya mti, akamimina mbegu, kisha akafunika kwa tabaka la pili. Kinatoka kitu bapa, kipana kama sinia. Unakishika kwa mikono miwili, unakiinamisha kushoto na kulia mbegu ziteleze, na vidole gumba vinagonga juu. Mmoja wa waimbaji wetu, karani wa reli aliyekuwa akisafiri kwenda Mombasa, alinunua mbili akarudi nazo kwenye gari la moshi. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni ya jirani yake.

Pwani mambo ni tofauti. Miaka mingi baadaye mama mmoja kutoka Kaloleni ya kule Kilifi, si hii yetu ya Nairobi, alihamia kwetu na kujiunga na sauti ya pili. Jumapili ya kwanza aliposikia kayamba wakati wa Utukufu alishtuka. Kwao, alitueleza, jina hilo hilo huitwa ngoma za kuagulia wagonjwa wa pepo, usiku kucha, na wazazi wake Wakristo hawakuruhusu mtoto aguse kayamba. Tulimsikiliza. Alikaa mwezi mzima bila kuigusa, kisha akaichukua mwenyewe, na ndiye aliyetufundisha kwamba kumbe tulikuwa tukiitikisa kama ungo. Kayamba haipepetwi. Inainamishwa, inasimamishwa, na ule ukimya mfupi wa kusimamishwa ndio unaoipa wimbo mwendo.

Kayamba ilikuwa imesafiri mbali kabla ya kufika kwetu. Katika kisiwa cha Réunion, huko Bahari ya Hindi, wana chombo cha umbo lile lile kiitwacho kayamb, kilichofumwa kwa mabua ya maua ya miwa, na hakuna muziki wa maloya bila hicho. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani za Afrika Mashariki na Madagaska walikuwa miongoni mwa waliojenga muziki huo katika mashamba ya miwa. Nayo Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union Version, inaitaja kayamba kwa jina katika 2 Samweli 6:5, Daudi na nyumba ya Israeli wakicheza mbele ya sanduku la Bwana. Neno la Kiebrania lililoko pale latokana na kitenzi cha kutikisa, wala halionekani tena mahali pengine katika Maandiko. Watafsiri walitafuta chombo kinachotikiswa ambacho Mswahili angekijua, wakaandika kayamba. Katekista wetu alipotuonyesha aya hiyo, kundi la "kayamba ni ya mtaani" lilinyamaza karibu mwaka mzima.

Maraka zilikuja kwa ugomvi zaidi. Zinatoka Amerika Kusini na visiwa vya Karibiani, na sisi hapa tulizijua kwanza kwa santuri za Kuba, kisha kwa rumba ya Kongo. Hapo ndipo penye shida. Maagizo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanataka vyombo ambavyo kwa maoni ya watu wote ni vya muziki wa kidunia tu viwekwe kando katika liturujia, na wazee wetu waliokuwa wamepita Jogoo Road Jumamosi usiku walijua vizuri maraka zilisikika wapi. "Hizo ni za baa," mmoja aliandikwa akisema. Vijana wakajibu kwamba gitaa pia liko baa na linapigwa kwenye Misa ya vijana. Paroko wa wakati huo aliamua kwa njia iliyotupendeza: alizitikisa mwenyewe mbele ya kamati, akasema sauti hiyo haina dhambi, ila zipakwe rangi moja na zisiwe na picha ya mwanamke anayecheza. Zilikuwa nayo.

Ubishi mwingine uliojaza kurasa tatu nzima za kumbukumbu ulihusu vizibo. Vijana walitengeneza chombo kwa vizibo vya chupa, vilivyogongwa vikawa bapa, vikatobolewa na kupangwa kwenye waya uliokunjwa. Akina mama wa CWA walikagua kimoja kimoja na kukuta vya bia. Iliamuliwa kwamba vizibo viwe vya soda tu. Agizo hilo halijafutwa hadi leo, na kila mtoto wa PMC anayetengeneza chombo chake hulijua kabla hajajua Baba Yetu yote.

Turudi nyuma kidogo kwenye jambo ambalo kamati ilijadili kama liandikwe au lisiandikwe. Tumekubaliana liandikwe kwa ufupi. Jumapili za kwanza za Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, mitaa yetu ilikuwa imefungwa na watu walihama usiku. Katika waimbaji zaidi ya arobaini walifika kumi na mmoja. Mpigaji wetu wa gara hakuwapo: alikuwa ameondoka na jamaa yake, akaacha gara kwa jirani yake wa mlango, mwimbaji mwenzake wa besi, ambaye kwa lugha ya siku zile alikuwa wa upande ule mwingine. Kwa wiki kadhaa kwaya haikuimba wimbo wowote wa lugha ya mama. Kilichopigwa ni kayamba moja, polepole, kwenye Bwana Utuhurumie. Yule wa besi aliiweka gara kabatini ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akakataa isiguswe na mtu mwingine. Mwenyewe alirudi mwezi wa Agosti. Alikuta chuma kimepakwa mafuta kisishike kutu.

Nyimbo za lugha za mama zilirudi pia, taratibu, wa kwanza ukiwa wa matoleo. Kamati ilikubaliana, bila kuandika popote, kwamba anayepiga chombo cha kwao asipige peke yake. Awe na mmoja asiye wa kwao anayejifunza. Tuliotoka Machakos tukafunga gara. Waliotoka Siaya wakafunga njingiri. Walikosea mwanzoni, na kanisa zima likacheka, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa zuri kulisikia.

Sasa habari ya kuchagua vyombo vyenyewe, kwa kuwa kwaya jirani hutuuliza, na baadhi yetu tulio walimu huulizwa shuleni pia tangu mtaala wa umilisi ulipowataka watoto watengeneze vyombo vyao.

La kwanza tunaloangalia ni kama chombo kinanyamaza mkono unaponyamaza. Mkebe mkubwa uliojazwa mchele unaendelea kumwagika ndani baada ya pigo, na katika kanisa letu la mabati na kuta tupu mwangwi wake unakamata pigo linalofuata. Mchele pia husagika ukawa unga. Maharagwe huingiwa na fukusi, na tulipata kufungua chombo kimoja tukakuta wadudu wengi kuliko mbegu. Kokoto hukata matete. Mbegu za asili zinazosifiwa sana kwa kayamba ni zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi. Zina sauti kavu na safi. Lakini zina sumu kali zikitafunwa, kwa hiyo kayamba za aina hiyo hazipewi watoto, na zikipasuka zinafagiliwa punje kwa punje kabla ya Misa ya watoto kuanza.

La pili ni idadi. Sauti ya kayamba iko karibu sana na sauti ya herufi s na sh. Kayamba mbili zinatosha kwaya ya watu arobaini. Zikiwa tano, "Msifuni" inageuka upepo na mwamini wa nyuma haelewi anaalikwa kufanya nini. Ni vigumu kulieleza hili kwa mtu aliyekuja na kayamba yake mpya kutoka nyumbani, lakini tumejitahidi. Na kayamba isisimame karibu na maikrofoni. Kwa masika ya Aprili tunafuta kanuni zote mbili, kwa kuwa mvua ikipiga mabati chombo pekee kinachosikika ni hicho.

La tatu ni wimbo unataka nini. Nyimbo nyingi tunazoimba huenda kwa sita kwa nane: mguu unahesabu mbili, mkono wa kayamba unahesabu zote sita. Mpigaji akichoka na kuanza kupiga nne, kwaya nzima hukimbia bila kujua inakimbizwa na nani. Zaburi ya katikati inataka chombo chepesi, na hapo tunatumia yai la plastiki au hatutumii kitu. Tari, tunaloliweka mikononi mwa mmoja tu, ni la shangwe na la mwisho wa Misa. Njuga ni za wachezaji miguuni mwao. Mchezaji asiyejua hatua hawezi kujificha akiwa amezifunga.

Kipindi cha Kwaresima vyombo vyote hurudi kabatini. Taratibu za Misa zinaruhusu ala wakati huo kwa ajili ya kusaidia kuimba tu, sisi tumezoea kunyamazisha kabisa. Wageni hutuuliza kwa nini Mkesha wa Pasaka kwetu huwa na kelele kiasi kile Utukufu unapoanza. Ni siku arobaini za mikono iliyokaa bure.

Limebaki jambo la kinanda, na hatuwezi kulikwepa katika mwaka wa Jubilei. Kinanda cha umeme kilichonunuliwa kwa harambee kina kitufe cha midundo, na ndani ya midundo hiyo mna kayamba, maraka, tari na zaidi ya ngoma kumi, zote zisizochoka wala kukosea. Walioleta hoja ya kuvistaafisha vyombo vya mkononi hawakuwa na nia mbaya. Walitaja uchovu wa mazoezi, vyombo vinavyopasuka, na nafasi finyu mbele ya altare. Kamati iliketi mara tatu. Katika kikao cha pili mweka hazina alisoma majina ya wanaopiga vyombo hivyo sasa. Walikuwa tisa. Sita ni akina mama waliopita miaka sitini, ambao sauti zao, wao wenyewe wanasema, zimeshuka. Wawili ni watoto wa PMC. Na mmoja ni kijana asiyesikia vizuri, anayefuata pigo kwa kuliangalia kwenye bega la jirani yake. Kitufe kingewarudisha wote tisa kwenye madawati. Hapakuwa na hotuba baada ya hapo. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono, na iliamuliwa kwamba kinanda kipige sauti, kitufe cha midundo kisiguswe wakati wa Misa, na mpigaji kinanda aketi mahali anapowaona wapigaji kayamba.

Wapo ambao hawajaridhika. Mpigaji kinanda mmoja ametuambia kwamba akina mama huchelewa pigo, na kweli huchelewa, hasa kwenye nyimbo ndefu. Mwalimu wa kwaya amepunguza kasi ya nyimbo mbili za matoleo kwa ajili hiyo, na kwa maoni yetu zimekuwa nzuri zaidi, maana sasa matoleo yanafika altareni kabla ya ubeti wa mwisho.

Kwa Misa ya Jubilei tumeagiza kayamba mbili mpya kutoka Kilifi kwa mkono wa yule mama wetu wa sauti ya pili, na njuga jozi sita zimefuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji kwa chuma chepesi ambacho miguu ya watoto inaweza kukibeba. Kila chombo kipya kimejaribiwa ndani ya kanisa, mtu mmoja akipiga mbele na wawili wakisikiliza kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Tari moja ilirudishwa dukani. Gara ya mwenzetu itapigwa kwenye matoleo na yeye na yule wa besi. Kayamba ya karani wa reli, ya zile mbili za kwanza ile iliyobaki nzima, itabebwa katika maandamano lakini haitapigwa, kwa kuwa uzi wake umeoza.

Wanaotaka kujifunza kabla ya siku yenyewe waje Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa parokia. Watoto waje na vizibo vyao. Vya soda.